Vipuri vya Taipei, Umeme wa Tanga

Ukishuka kwenye treni ya chini ya ardhi kituo cha Zhongxiao Xinsheng, Taipei, fuata tu vijana waliobeba maboksi. Wengi wao wanakwenda Guang Hua au wanatoka huko. Guang Hua Digital Plaza ni jengo la ghorofa sita lililofunguliwa mwaka 2008, na ndani yake vibanda vya vifaa vya kompyuta vimepangana bega kwa bega: kaunta ya kioo, taa nyeupe kali, na karatasi ndefu ya bei iliyojaa herufi ndogondogo pande zote mbili. Zamani soko hili lilikuwa chini ya daraja. Wauza vitabu vya mitumba kutoka mtaa wa Guling walihamishiwa hapo mwaka 1973, kisha wauza vifaa vya umeme wakajipenyeza kati yao, na kompyuta zilipoanza kuingia majumbani zikalichukua soko lote. Daraja lilibomolewa mwaka 2006. Wafanyabiashara walihama, lakini ukitembea kwenye vichochoro vya ndani bado unahisi soko la chini ya daraja: njia nyembamba, mwenye duka anakula wali nyuma ya kaunta, jirani anakuja kuazima bisibisi bila kuomba.

Nilifika huko mwaka 2024 katika safari ya kikazi, majira ambayo mvua ya Taipei hainyeshi kwa pupa ila haiachi, kama masika yaliyochelewa kuondoka. Mkononi nilikuwa na karatasi iliyoandikwa Ngamiani, Tanga, na mtoto wa dada yangu. Kijana huyu anapiga na kuhariri video za harusi. Kazi yake naiheshimu sana, kwa sababu katika miji yetu video ya harusi ndiyo kumbukumbu ambayo familia itaitazama hata baada ya wazee waliomo kuondoka duniani, na anayeihariri amebeba amana. Kompyuta aliyoitumia ilikuwa ya ofisi, ya mtumba kutoka Ulaya, aina ambayo Kariakoo zimepangwa hadi darini. Ilimtumikia vizuri mpaka pawasaplai yake ilipoungua. Hapo ndipo alipogundua kwamba umbo la pawasaplai ile na plagi zake vilibuniwa na kiwanda chake kwa ajili ya mashine zake pekee. Pawasaplai za kawaida zilijaa madukani na hakuna iliyoingia. Kazi ililala, na wenye harusi wakawa wanapiga simu.

Kwa hiyo tuliamua kujenga mpya, na kabla sijaondoka tulikubaliana sharti moja: kila kipuri kitakachoingia kwenye mashine mpya kiwe kile ambacho kikifa, fundi wa Tanga ataweza kukibadilisha kwa kitu kinachopatikana Tanga, au kwa uchache Kariakoo. Kasi ingekuja baada ya hapo. Sharti hilo ndilo lililoniongoza katika kila duka, na hadi leo naamini ndilo sharti la kwanza kwa mtu wa kwetu anayejenga kompyuta ya kazi.

Nilizunguka kwanza bila kununua. Katika duka la tatu au la nne nilimkuta mzee mmoja mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani, Kiingereza chake kidogo lakini kilichonyooka, na simu yenye programu ya kutafsiri pale maneno yalipokwama. Wenzake walikuwa wameanza kwa kunionyesha makasha ya vioo yenye feni zinazowaka rangi saba. Yeye aliuliza kazi ya mashine. Nikamwambia: harusi, kamera mbili, picha za 4K. Akauliza tena: kamera gani? Nikampigia kijana. Saa saba mchana ya Taipei ni saa mbili asubuhi ya Tanga, na sauti yake ilikuwa bado na usingizi.

"Shikamoo mamdogo. Zote mbili zinarekodi H.265, biti kumi, nne-mbili-mbili."

"Marahaba baba. Subiri hapohapo, usikate."

Nilipomwandikia mzee maneno hayo, alichukua kalamu akafuta prosesa aliyokuwa ameshaiandika. Mwanzoni aliandika Core i5-13400F, chaguo la kawaida kwa kila anayenunua kadi ya grafiki pembeni. Ile F ina maana kwamba sehemu ya grafiki iliyomo ndani ya prosesa yenyewe imezimwa. Wengi huifurahia, maana bei inapungua na wanajiambia kadi kubwa inatosha. Kwa mhariri wa video za aina hii, hicho walichokiacha ndicho kingembebea kazi. Kamera inayorekodi nne-mbili-mbili huhifadhi rangi nyingi zaidi, jambo ambalo bibi harusi mwenye dera la dhahabu na hina mikononi anastahili, lakini faili lake ni gumu kufunguliwa. Kadi za Nvidia za kizazi cha 30 na cha 40 hazina saketi ya kulifungua la aina hiyo. Grafiki ndogo ya Intel, tangu kizazi cha 11, inayo. Prosesa yenye F ingemwacha kijana akivuta picha kwenye skrini huku ikikwamakwama, pamoja na kadi yake ya gharama.

Mzee akaandika Core i5-13500. Ina viini 14, sita vya nguvu na nane vya kazi nyepesi, na grafiki yake ya ndani, UHD 770, ina injini mbili za video badala ya moja iliyo kwenye 13400. Tofauti ya bei ilikuwa ndogo. Nilitamani wauzaji wa Dar wajue kuuliza swali lile la kamera, kwa sababu majibu yote mengine yalitoka hapo.

Kwenye kadi ya grafiki tulivutana kidogo. Mzee alipendekeza RTX 4060, mpya, yenye kula wati 115 tu. Kijana alitaka RTX 3060 ya mwaka 2021, inayokula wati 170 lakini yenye kumbukumbu ya gigabaiti 12 dhidi ya nane za ile mpya. Kwa michezo ya kompyuta ningemfuata mzee. Lakini DaVinci Resolve, programu anayoitumia kijana, huitupia kadi mzigo mkubwa, na ukisafisha chembechembe za picha iliyopigwa usiku ukumbini, kisha ukaongeza tabaka za rangi juu yake, kumbukumbu ya kadi hujaa na programu inakataa kuendelea. Gigabaiti hazikopeshwi. Kadi ya kasi ndogo inamaliza kazi kwa kuchelewa, na kadi iliyojaa haimalizi kabisa. Tukachukua 3060.

Likaja suala la mazabodi na RAM. Prosesa ile inakubali DDR4 na DDR5, ila mazabodi moja hubeba aina moja tu. Vijiti vyote vina pini 288 lakini pengo lililokatwa chini halilingani, kwa hiyo huwezi kuvibadilishana. Kila duka lilinisukumia DDR5. Nilichukua DDR4, na sababu yangu ilikuwa Kariakoo. Kompyuta za ofisi zinazoshuka kila wiki kutoka Ulaya zina vijiti vya DDR4 vya umbo lilelile. Kijiti kimoja kikifa Ijumaa usiku na harusi ni Jumamosi, fundi atachomoa kingine kutoka kwenye mashine ya mtumba na kazi itaendelea. Kwa miaka michache ijayo DDR5 haitakuwa na faraja hiyo Tanga. Nikanunua vijiti viwili vya gigabaiti 16, na mazabodi ndogo ya B760, mraba wa milimita 244, yenye nafasi nne, ili mbili zibaki wazi. Nilikataa B660 iliyokuwa rahisi kidogo, kwa sababu mazabodi za toleo hilo zilitangulia prosesa za kizazi cha 13, na ambayo haijasasishwa programu yake ya ndani haiwaki na prosesa hii.

Kwenye mazabodi ile niliona alama ya kaa mdogo juu ya kipande cheusi kisichozidi ukucha. Fundi yeyote wa Kariakoo anamjua kaa huyo. Ni nembo ya Realtek, ambayo saketi zake za sauti na mtandao zimo katika kompyuta nyingi mno zilizopita mikononi mwetu. Makao yake yako Hsinchu, kusini-magharibi mwa Taipei, na kwa kuwa siku iliyofuata ilikuwa yangu, nilipanda treni ya mwendokasi nikaenda.

Hsinchu wanauita mji wa upepo. Hifadhi yake ya sayansi ilianzishwa mwaka 1980, na ndani yake kuna makumbusho ya TSMC, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1987 na Morris Chang baada ya kufanya kazi miaka mingi Texas Instruments, Marekani. Wazo lake lilikuwa kiwanda kisicho na bidhaa yake chenyewe, kinachotengeneza saketi walizozibuni wengine. Leo inaonekana jambo la kawaida, lakini wakati ule kampuni kubwa za saketi ziliona kwamba asiye na kiwanda hana biashara. Nilisimama mbele ya sahani ya silikoni ya milimita 300, ikimeta rangi za mafuta juu ya maji, nikihesabu vipande vilivyochorwa juu yake mpaka nikachoka.

Haki ya mambo lazima isemwe: prosesa niliyoichagua Intel huichonga katika viwanda vyake yenyewe, na kipande kilicho moyoni mwa RTX 3060 kilitengenezwa na Samsung, Korea Kusini. Nilichokinunua Taiwan hakikuwa chote cha Taiwan. Lakini ASUS, Gigabyte na MSI, zinazobuni mazabodi ambazo vyote hivyo hukutana juu yake, ni kampuni za kisiwa hiki, na Gigabyte na MSI zote zilianza mwaka 1986. Watu milioni ishirini na kitu, kwenye kisiwa kidogo chenye milima, waliamua kujua namna ya kuunganisha vitu vya wengine vikafanya kazi pamoja, na wakajua kweli. Nilijikuta nawafikiria mafundi wetu wa Mtaa wa Msimbazi, ambao nao wanajua kuunganisha, lakini hakuna aliyewahi kuwajengea hifadhi.

Nilirudi kwa mzee kwa ajili ya kipuri nilichokiwekea nguvu kuliko vyote: pawasaplai.

Watu wengi wakijenga kompyuta huiacha pawasaplai mwisho, kwa pesa iliyobaki. Haionekani, haina namba ya kujivunia, na makasha mengi ya bei nafuu huuzwa nayo ndani kana kwamba ni parafujo. Lakini kila kilichomo kwenye mashine kinakula kutoka kwake. Ikifa vibaya, inaweza kuondoka na mazabodi na diski zenye harusi za watu. Nilimwandikia mzee kwenye simu: nyumbani umeme ni volti 230, mara nyingi unashuka, na hukatika bila taarifa. Alisoma, akavua miwani, akairudisha pawasaplai aliyokuwa ameitoa, akaenda nyuma akaleta nyingine.

Akanionyesha kibandiko cha ubavuni. Kiliandikwa 100 hadi 240. Taiwan inatumia volti 110, kwa hiyo pawasaplai ya hapo ni lazima ijue kufanya kazi na umeme mdogo, na zilizo bora hupokea kuanzia 100 hadi 240 bila kugusa swichi yoyote. Nilikuwa nimekuja na hofu kwamba kifaa cha nchi ya volti 110 kitaungua Tanga. Kumbe kwa aina hii mambo ni kinyume. Pawasaplai nyingi za bei ya chini zinazoletwa kwetu zimeandikwa 200 hadi 240. Umeme wa jioni ukishuka mpaka 180, ziko nje ya uwezo wake, na mashine inajizima au inajiwashawasha. Yenye 100 hadi 240 huvuta mkondo mkubwa zaidi kufidia volti zilizopungua na kuendelea na kazi. Jirani anaona balbu yake imekuwa nyekundu, na video inaendelea kutolewa.

Tulipiga hesabu kwenye karatasi ya bei. Prosesa, ingawa kwenye boksi imeandikwa wati 65, ikikazwa inafika 154. Kadi 170. Diski, feni na mazabodi, tuseme hamsini. Kadi ya grafiki ina tabia ya kuruka ghafla juu ya kiwango chake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa hiyo haifai kubana. Tukachukua ya wati 650, daraja la dhahabu, kutoka Seasonic, kampuni ya hapohapo Taiwan iliyoanza mwaka 1975. Ilikuwa ghali. Niliilipa kwa moyo mweupe, na pesa niliitoa kwenye kasha la kioo na feni za rangi ambazo hatukununua.

Mzee akaniuliza kama tuna UPS. Nikasema itanunuliwa nyumbani, kwa sababu betri zake za risasi hazibebeki kwenye ndege. Akaniandikia la kuzingatia: pawasaplai za kisasa za aina hii hazielewani na baadhi ya UPS za bei rahisi, ambazo umeme ukikatika hutoa wimbi la mraba badala ya wimbi laini. Mashine inaweza kujizima sekunde ileile UPS inapoingia kazini. Akasema nijaribu dukani kabla ya kulipa, mashine ikiwa imewaka na kazi nzito juu yake, kisha nichomoe plagi ukutani.

Kupoza hakukutuchukua muda. Kulikuwa na vipozeo vya maji vya kuvutia, lakini pampu yake ikifa Tanga hakuna wa kuitengeneza. Tulichukua cha mirija ya shaba na feni moja ya milimita 120, ukubwa unaopatikana kila mahali. Diski ya SSD nilichukua ya terabaiti mbili, kwa hesabu rahisi: kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa, na kamera mbili kwa harusi ya saa sita ni gigabaiti 540. Ya terabaiti moja isingetosha harusi mbili, na msimu wa baada ya mfungo wa Ramadhani hauna harusi moja.

Kabla ya kufunga, mzee alifungua kifuniko cha soketi ya mazabodi akawasha tochi. Pini 1,700 za kukalia prosesa zimo humo, nyembamba mno, na moja ikipinda hakuna dai la dhamana linalosikilizwa. Tulizitazama kwa zamu. Kisha akaunganisha kila kitu juu ya boksi la mazabodi, akagusisha ncha ya bisibisi kwenye pini mbili za kuwashia, na skrini ikaonyesha prosesa, gigabaiti 32 na diski. Nilirekodi video nikaituma Tanga. Jibu lilikuja kwa sauti, dua ndefu, na nyuma yake sauti ya dada yangu akiuliza kama nimekula.

Kasha sikulibeba. Vilivyobaki viliingia kwenye begi la mkononi, kila kimoja kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, isipokuwa kipozeo na pawasaplai vilivyolala kati ya nguo kwenye sanduku kubwa. Waya wa ukutani wa Taiwan, wenye pini bapa, niliuacha hotelini. Wa pini tatu wa kwetu unaingia nyuma ya pawasaplai ileile. Na risiti nilizihifadhi zote, kwani ukinunua bidhaa za dola 2,000 za Taiwan au zaidi katika duka moja lililosajiliwa siku moja, mgeni anarudishiwa kodi uwanja wa ndege.

Tanga tuliijenga barazani, asubuhi, kabla jua halijapanda. Kasha lilitoka Kariakoo, la chuma tupu, lenye chujio la vumbi mbele linalochomoka na kuoshwa. Pawasaplai iliyokuja nalo tuliitoa na kuipima uzito mkononi. Ilikuwa nyepesi mno, tukaiweka kando. Kijana ndiye aliyeikalisha prosesa, mimi nikishika taa. Kwa joto la pwani, hata kipozeo kizuri hakiwezi kushusha kitu chini ya joto la hewa iliyopo, kwa hiyo tuliingia kwenye mipangilio ya mazabodi tukaipunguzia prosesa kiwango cha juu cha nguvu. Tulipoteza kasi kidogo. Feni ikatulia, na chumba kikakalika.

UPS tuliijaribu kama mzee alivyosema. Ya kwanza ilizima mashine papo hapo tulipochomoa plagi. Mwenye duka hakupenda, lakini alileta nyingine, ya wimbi laini, nzito, ya bei karibu mara mbili. Mashine haikushtuka.

Sasa tunabishana kuhusu diski za kumbukumbu. Kijana anataka moja kubwa ya terabaiti nane. Mimi nataka mbili za nne, kila harusi mara mbili, na moja ikae nyumbani kwa dada mbali na studio, kwa sababu hewa ya chumvi ya Tanga haibagui diski. Anasema, "Mamdogo, mbili zinajaa haraka." Nimemwambia zikijaa atanunua nyingine mbili, na pesa ya hizi za kwanza nimeshamtumia.